Uzi: Vitz yangu ilikuwa na magonjwa matano barazani na moja tu chini ya boneti

Mkaa Baraza (mwenye uzi)

Assalamu alaykum wadau. Kisa kirefu, mwenye haraka ashuke chini akasome watakaonicheka.

Gari ni Toyota Vitz ya toleo la pili, ya 2006, naiendesha mwaka wa nne sasa. Nakaa Jang'ombe, Unguja, kazi Tunguu. Wenye nazo mnajua, dashibodi yake haina mshale wa joto. Ina taa mbili tu: ya buluu inawaka asubuhi injini ikiwa baridi kisha inazimika yenyewe, na nyekundu ambayo hutakiwi kuiona maishani. Mie nyekundu niliiona Ijumaa, Darajani, watu wanatoka msikitini, gari zimesimama. Nikazima, nikangoja, nikaondoka. Jumatatu ikarudi, Mwanakwerekwe, karibu na soko.

Jioni neno nikalipeleka barazani. Kwetu baraza ina watu wanane na dele moja la kahawa, na kila mmoja ana shemegi aliyewahi kuwa na Vitz. Wa kwanza kasema gasketi ya hedi, ile inayoziba baina ya injini na kichwa chake, Vitz zote ndio ugonjwa wake. Wa pili kasema themostati, ile valvu inayozuia maji yasende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, Mjapani kaiweka kwa ajili ya theluji, Unguja ya nini, itoe utupe. Wa tatu kasema kulanti, ile dawa ya rangi ya kupozea injini, ndiyo inayoziba rejeta, lori za Bedford za wazee wetu zilitiwa maji ya kisima na zikazeeka salama. Wa nne kasema petroli. Wa tano, ambaye hana hata baskeli, kasema hasadi.

Nikaenda kwa fundi. Jina lake na mtaa wake sivitaji, na msiniulize faragha. Kabla hajafungua boneti kaniuliza, "Watu wamekwambiaje?" Nikamwambia yote isipokuwa hasadi. Akachagua themostati, maana ndiyo rahisi. Akaitoa palepale chini ya mwembe, akafunga mpira wa rejeta, akanipa ile themostati mkononi kama anayenipa jino nililong'olewa. Elfu 15.

Kilichofuata ni hiki. Taa ya buluu, ambayo siku zote ilikuwa inazimika kabla sijafika Mwanakwerekwe, ikawa inanisindikiza mpaka Jumbi. Mafuta ya elfu 20 yaliyokuwa yananitosha siku nne yakawa ya siku tatu. Na foleni ya kwanza tu ya Darajani, taa nyekundu hiyooo.

Nikarudi. Fundi kasema, "Si nilikwambia ni hedi?" Hakuniambia. Bei ya kufungua hedi, kuipeleka kusawazishwa na kutia gasketi mpya: laki 4. Kilichoniokoa si akili, ni tarehe. Ilikuwa tarehe 19, mshahara bado.

Katika kungoja mshahara nikakutana na kijana mmoja fundi umeme, hata hakuwa kwenye habari zangu, alikuwa anamtengenezea jirani taa za nyuma. Akasikia nalalamika. Akaniuliza swali ambalo watu wanane na fundi mmoja hawakuniuliza: "Inachemka ukiwa unakwenda au ukiwa umesimama?"

Wallahi sikuwahi kulifikiria. Nikaanza kurudi nyuma kichwani. Darajani, imesimama. Mwanakwerekwe, imesimama. Jumapili tulikwenda Paje watu wanne na sufuria la biriani, kilomita 50 na kitu, haikuwaka kitu. Akasema washa gari, washa AC. Tukachungulia nyuma ya rejeta. Feni imekaa kimya. Akachukua bisibisi, akaigonga mota ya feni kwa upande wa mpini, taratibu, mara mbili. Feni ikastuka, ikajizungusha kivivu kama mtu aliyeamshwa daku, kisha ikashika kasi.

"Kaboni za mota zimekwisha," akasema, akarudi kwenye taa za jirani.

Mota ya mtumba elfu 45, kuifunga elfu 10. Leo wiki ya tano, nyekundu sijaiona.

Nataka kujua nyie wenzangu mmepigwa vingapi kwa maneno ya kusikia.

---

Kashata Mbili

Huyo wa hasadi ndiye pekee ambaye hakukutia hasara. Usimdharau.

---

Fundi wa Amani

Kwanza huyo kijana muombee dua. Swali lake ndilo linalotenganisha fundi na mganga.

Gari ikiwa kwenye mwendo, upepo wa mbele unaipoza rejeta hata kama feni imekufa. Ikisimama, hakuna upepo, kazi yote ya feni. Kwa hiyo inayochemka foleni na kupoa njiani, anza na feni, relei yake (swichi yake ya umeme) na waya zake. Hapa kwetu soketi za umeme zinaota ukoga wa kijani kwa hewa ya bahari, hasa za Nungwi na Paje, wakati mwingine mota haina neno, soketi ndiyo mbovu. Inayochemka kwenye mwendo, mlima, au imebeba mzigo, hiyo nyingine: maji yamepungua, rejeta imeziba, pampu ya maji, themostati iliyokwama imefunga, au hiyo hedi mnayoipenda.

Hedi ina mashahidi wake. Maji yanapungua na hakuna panapovuja. Moshi mweupe wa eksozi usiokwisha hata injini ikipata moto. Mapovu kwenye rejeta injini ikiwashwa. Oili imekuwa chai ya maziwa. Na kuna kipimo kidogo, kichupa cha maji ya buluu unakiweka mdomoni kwa rejeta. Moshi wa silinda ukiwemo, buluu inageuka njano. Hakuna shahidi hata mmoja, unafungua hedi ya mtu kwa nini?

Na kifuniko cha rejeta msikidharau. Kimeandikwa juu yake, 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha. Kwa presha ya 1.1 maji yanafika joto la 120 hivi kabla ya kuchemka, badala ya 100. Mpira wa kifuniko ukishakatika, presha hakuna, maji yanachemka mapema na kumwagika, na wewe unauziwa rejeta. Lakini msikifungue injini ikiwa na moto. Nna rafiki ana alama usoni mpaka leo.

Ila na nyie wateja mna kesi ya kujibu. Fundi kakuuliza watu wamesemaje, ukamjibu! Mngekuja mkasema "taa nyekundu imewaka mara mbili, zote nimesimama", mtu angelifikiri. Mnakuja na jina la ugonjwa na dawa, mnataka tu wa kuipiga sindano. Nikikataa unakwenda kwa wa pili anayekubali, na mie nakosa riziki.

---

Mkaa Baraza

Hapo umenipata fundi. Sina jibu.

---

Bi Mkubwa wa Chukwani

Mie nna Toyota Ractis. Mwaka juzi nilikwenda kubadilisha oili tu, fundi akasoma kilomita, akashika kichwa. "Mama, umefika laki moja, timing belt ikikatika njiani injini kwisha." Nikaogopa, nani asiyeogopa. Laki na nusu nikatoa.

Mwanangu yuko Dar, jioni nikamsimulia kwa simu. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe injini ile ya 1NZ haina mkanda huo, ina mnyororo, uko ndani. Asubuhi nikarudi, taratibu kabisa, na juisi ya ukwaju nikamchukulia. Nikamwambia mwanangu naomba nioneshe mkanda wa zamani, nnaukusanya. Akanionesha mkanda wa alternata. Wa nje, ule unaoonekana ukifungua boneti.

Sijui kama alinidanganya au na yeye alidanganywa. Uso wake ulionesha hajui. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

---

Dereva wa Hiace

Mama Chukwani, hajakudanganya kwa kukusudia huyo, nahisi. Neno lenyewe ni la kweli, ila limehama gari. Hiace zetu za dizeli za 5L zina mkanda, na Land Cruiser za 1HZ zina mkanda, na Prado za 1KZ, na Toyota za zamani za petroli kama 5A na 3S. Dizeli za Kijapani zina mpaka taa kwenye dashibodi, imeandikwa T-BELT, inawaka ikifika kilomita 100,000. Wazee waliotufundisha walizeekea kwenye hizo. Ukifika laki moja badilisha, lilikuwa neno la haki. Likapita mdomo kwa mdomo mpaka likafika kwenye Ractis na IST zisizo na mkanda.

---

Maalim wa Mchangani

Nimesoma mpaka hapa nikacheka peke yangu. Hii tuliisoma chuoni.

Hadithi ina sehemu mbili, matini na sanadi. Matini ni neno lenyewe. Sanadi ni nani kapokea kwa nani, na je walikutana, na je hifadhi yake ilikuwa nzuri. Wanazuoni hawakukubali neno kwa sababu tu ni zuri au watu wengi wanalisema. Na Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha tukijiwa na khabari tuchunguze, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua.

Sasa nipeni sanadi ya "toa themostati". Fulani kapokea kwa shemegi yake, naye kwa dereva, naye kwa fundi asiyejulikana, kuhusu gari isiyojulikana. Hiyo mapokezi yake yamekatika pahali patatu, na mtu anakwenda kuifanyia kazi injini yake!

Neno la Dereva wa Hiace ndilo zuri kabisa humu. Matini sahihi, mwenye gari siye.

---

Kashata Mbili

Maalim usitutoe kwenye gari ukatutia darsani. Lakini hiyo ya sanadi naiiba, kesho naitumia kwa mke wangu.

---

Bedford Haifi

Mnawacheka wazee wa maji ya kisima. Mie baba yangu kaendesha lori, maji tu, na kulanti hatukuijua jina. Wafanyabiashara wameleta chupa za rangi ya waridi, sasa kila mtu mtaalamu.

---

Bi Mkubwa wa Chukwani

Baba yangu, birika lako la umeme umelichungulia ndani? Mie kila mwezi nalichemshia ndimu kutoa chokaa. Kisiwa hiki chini ni jiwe la matumbawe, maji ya visima vingi yana chokaa na mengine yana chumvi. Ikiwa birika ya lita moja na nusu inaota magamba, tundu za rejeta zilizo nyembamba kama mrija wa soda zitakuwaje?

---

Fundi wa Amani

Bi Mkubwa kanimalizia kazi. Naongeza mawili tu. Kulanti si ya baridi peke yake, ina dawa ya kutu, na injini za sasa zina aluminiamu nyingi, si chuma kizito cha Bedford. Na ile ya waridi ya Toyota wenyewe wameandika: ya mwanzo kutoka kiwandani kilomita 160,000, kisha kila 80,000. Ukikosa kulanti siku moja njiani tia maji safi ufike nyumbani, hakuna aliyekufa. Ubaya ni kuyafanya ndiyo mazoea.

Bedford Haifi, hujakosea kuhusu Bedford.

---

Alphard ya Wageni

Nabeba watalii, Mjini mpaka Nungwi, kila siku. Taa ya injini ikawaka. Kuna jamaa kanifundisha: chomoa terminali ya betri dakika kumi, rudisha. Nikafanya, taa ikazimika, nikamuona walii wa Mungu. Siku ya tatu imerudi. Nikaifanya tena. Nimekwenda hivyo mwezi mzima, naizima taa kama anayezima kengele ya moto huku nyumba inaungua.

Mwisho nikapima kwa mashine. P0171. Mwenye mashine akasema oksijeni sensa. Nikanunua, taa ikarudi. Akasema basi hiyo uliyonunua feki, nikanunua nyingine kutoka Dar. Taa ikarudi. Mtu mmoja mzima, fundi wa zamani, akaniuliza hiyo namba inasema nini hasa? Nikamwambia inasema sensa. Akasema hapana, inasema mchanganyiko mwembamba, yaani hewa imezidi mafuta. Mashine imekwambia una homa, haijakwambia una malaria. Akaukunja ule mpira mkubwa unaotoka kwenye filta ya hewa kwenda injini. Ukiwa umekaa sawa huoni kitu. Ukiukunja, kuna ufa wa urefu wa kidole, upande wa chini. Hewa inaingilia hapo bila kupita kwenye kipimo.

Sensa mbili nnazo ndani ya droo. Anayetaka anione.

---

Kaskazi

Yangu fupi. Vitz, nikaambiwa Vitz ni Vitz, nunua plagi nne. Nikanunua nne. Fundi kafungua, kakuta pahala pa plagi tatu. Mie nikapiga kelele nimeibiwa plagi! Nikaanza na kumtuhumu muosha gari.

Kumbe yangu KSP90, injini ya lita moja, silinda tatu. Ya mwenye uzi bila shaka SCP90, silinda nne. Kwa nje mapacha. Muosha gari nilimuomba radhi, kapokea, lakini gari yangu haoshi tena.

---

Mtoto wa Wete

Assalaam alaykum kutoka Pemba. Mie nna mashaka yangu na nimechoka na maneno. Vitz kama hizo, gia inachelewa kuingia asubuhi, natia D nahesabu mpaka mbili ndipo inavuta. Nataka kubadilisha oili ya gia. Kila ninayemuuliza hapa Wete na Chake ananiambia usithubutu, oili ya gia haiguswi, fulani kabadilisha gia boksi ikafa wiki ya pili. Na huyo fulani namjua, ni kweli imekufa. Nifanyeje?

---

Fundi wa Amani

Mtoto wa Wete, hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu ushahidi upo. Gia boksi imekufa kweli, na imekufa baada ya oili. Nimeziona kadhaa.

Lakini tazama watu wanabadilisha lini. Hakuna anayebadilisha oili gia ikiwa bado nzima. Anangoja mpaka inateleza, inapiga kelele, oili imekuwa nyeusi inanuka kuungua. Hapo ndipo anakumbuka. Mgonjwa kapelekwa hospitali roho iko kooni, akifa wanasema dokta kamuua. Na nusu ya waliobaki wametiliwa oili isiyo yake. Hili ndilo kubwa. Vitz hizo za pili nyingine zina gia za kawaida na nyingine zina CVT, gia otomatiki isiyo na hatua, na CVT ndani yake ina mkanda wa chuma unaokaa baina ya puli mbili, unashikwa kwa oili ya aina yake. Toyota wa miaka hiyo wanasema CVT Fluid TC. Ukiitilia ATF, ile oili nyekundu ya gia otomatiki za kawaida, mkanda unateleza, na hapo utapata hadithi mpya ya kusimulia barazani.

Usinunue kitu bado. Fungua boneti, tafuta kibati cha chuma, kiko kwenye ukuta baina ya injini na miguu yako. Pana neno MODEL, pana ENGINE, pana TRANS/AXLE. Piga picha. Na kama kuna kijiti cha kupimia oili ya gia, kifute usome maandishi, wenyewe mara nyingi wameandika aina ya oili palepale. Tizama rangi na uinuse. Ikinuka kuungua, nitakwambia ukweli: inawezekana umechelewa, na oili mpya haitafufua. Usinunue na usije ukasema fundi wa Unguja kakwambia.

---

Mwana wa YouTube

Mbona mnahangaika, kila kitu kiko kwenye video. Mie natengeneza gari yangu mwenyewe kwa video za Wamarekani.

---

Kaskazi

Mmarekani anatengeneza Yaris ya 1.5. Vitz ya 1.3 iliyotoka Japani injini yake nyingine. Mie video iliniambia plagi nne.

---

Fundi wa Amani

Video nazitizama na mie, nyingi nzuri kuliko mafundi wengine wa mtaani. Lakini hakikisha mwenye video ana gari yako. Na kitabu cha gari kimo ndani ya droo, cha Kijapani, watu wanafungia maandazi. Siku hizi simu inasoma Kijapani kwa kamera. Upepo wa tairi hauhitaji hata hiyo, umo kwenye stika ya mlango wa dereva kwa namba tu, 220, 230, hizo kPa, sawa na 32 au 33 za mashine zetu. Watu wanatia 40 kwa sababu jirani katia 40.

---

Bedford Haifi

Na tairi za mtumba je? Naambiwa za Japani zilizotumika bora kuliko mpya za Mchina.

---

Dereva wa Hiace

Soma ubavuni, baada ya neno DOT, kwenye kiduara chenye tarakimu nne za mwisho. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Nimewahi kuuziwa tairi "kama mpya" yenye umri wa kuingia darasa la saba. Meno mazuri, mpira umekauka kama mkate wa juzi. Mwenyewe hakuwa mkorofi, na yeye hakujua kusoma ile namba. Nikamfundisha, akanichukia.

---

Alphard ya Wageni

Na ile ya kupaka oili chafu chini ya gari ili chumvi ya bahari isile chesisi? Hotelini kule madereva wote wanafanya.

---

Fundi wa Amani

Oili inavimbisha bushi za mpira, na mchanga wa Paje unaganda juu yake kama kashata. Ioshe chini kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, kila ukitoka ufukweni, basi. Na usipitishe gari kwenye maji ya bahari ili mgeni apige picha.

---

Kashata Mbili

Mkaa Baraza, themostati umeirudisha au bado unasindikizwa na taa ya buluu?

---

Mkaa Baraza

Nimerudisha, na hapa pana kisa kingine.

Ile ya zamani nilikuwa nayo ndani ya buti. Fundi umeme kaniambia usinunue mpya kabla hujaipima ya zamani, sufuria na maji tu. Ndugu yangu mpishi hotelini Paje nikamuazima kile kipimajoto cha kuchomeka kwenye nyama. Nikajifungia jikoni. Nimeifunga themostati kwa uzi, nikaininginiza katikati ya maji isiguse chini, kipimajoto pembeni yake. Imeandikwa 82 kwenye mguu wake, ndogo ndogo, nilitumia miwani ya mama.

Sitini, hakuna. Sabini, hakuna. Sabini na nane nikaanza kumtilia shaka Mjapani. Ilipopita themanini ikaanza kuachia, unaona kabisa kimfuniko kinashuka kidogo kidogo, kama jicho la mtu anayejifanya amelala. Kabla maji hayajachemka ilikuwa imefunguka yote. Nikaitoa ikapoa, ikajifunga. Nikarudia mara mbili kwa raha tu.

Nzima kabisa! Waliitoa kwa ajili ya maneno. Nimeirudisha na gasketi yake mpya ya mpira na kulanti, na buluu sasa inazimika kabla ya Mwanakwerekwe kama zamani. Mafuta yamerudi siku nne.

Mke wangu aliingia jikoni akaikuta inaning'inia. Kaniuliza hiyo sufuria ya wali au ya gari? Nimemnunulia nyingine.

---

Mtoto wa Wete

Nimerudi na kibati. MODEL yangu inaanzia SCP90. Gia ni CVT, Fundi wa Amani nimekutumia picha faragha na umethibitisha. Kijiti nimekifuta, oili imefifia lakini hainuki kuungua. Sasa kisikilizeni hiki: nikaenda kwa yule "fulani" ambaye gia yake ilikufa, nikamuuliza ulitia oili gani? Akaniletea chupa, bado anayo, anaifanya ya kutilia mafuta ya taa. Imeandikwa ATF. Na gari yake CVT kama yangu.

Alikaa kimya muda mrefu. Nikajuta kumuuliza.

Oili yangu naiagiza, inakuja na boti wiki ijayo inshallah. Nitaleta habari, iwe nzuri iwe mbaya.

---

Maalim wa Mchangani

Sasa hiyo ndiyo sanadi. Kaenda mpaka kwa mwenye tukio na chupa kaiona kwa macho yake.

---

Mkaa Baraza

Wadau, nirudi mara ya mwisho maana hili la jana limeninyima usingizi.

Nimekwenda Amani kwenye shughuli. Nimemkuta kijana mmoja, simjui, ameegesha IST, boneti iko wazi, na mkononi ameshika mota ya feni mpya kabisa ndani ya boksi. Nikamuuliza vipi. Akaniambia, "Ami, hizi Toyota ndogo zote zikichemka ni feni. Kuna mtu Jang'ombe yake ilikuwa hivyohivyo, laki 4 walitaka kumla, kumbe feni." Ananisimulia kisa changu! Mpaka ya bisibisi anayo, ila kwake nimeigonga mara saba na nikasoma dua.

Nikamuuliza, yako inachemka wapi? Akasema, "Nikipanda na mzigo, shamba huko. Mjini haina neno."

Tukakaa chini pamoja, tukangoja injini ipoe, tukafungua kifuniko. Mpira wake umekatika nusu. Hajui kama ndiyo hiyo peke yake, na mimi sijui, nimempa namba ya kijana fundi umeme aipime vizuri.

Feni ananiuzia elfu 60. Yangu ya mtumba bado inazunguka, lakini nimeshika bei.